Siku Niliyompa Mgongo Mkwe Wangu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyonunua lori langu la kwanza, mwanangu, na lori lile nililinunua kwa jasho, anayenijua anajua. Ni siku ambayo baba wa mwanamke niliyetaka kumuoa aliniita kwa jina, mbele za watu, nami nikiwa nimeshika bunduki nikakataa kugeuka kumwamkia.

Nakuandikia haya kwa sababu tangu korona itufungie ndani simu yangu hailali. Vijana wetu wa Texas hii, wa Euless, wa Cedar Hill, mpaka wa hapa Houston, wananunua bunduki kama wanavyonunua mchele. Wakishanunua wanampigia nani? Mimi. "Anko, nimepata shotigani, nifundishe kuvunja visahani." Wala sishangai. Mimi niliishia darasa la saba kule Singida, nikaja nchi hii nikaanza kwa kupakia mizigo ya watu uwanja wa ndege, tukilala wanaume wanne chumba kimoja. Leo nina malori yenye jina langu mlangoni, na pale uwanja wa shabaha wazungu wenye bunduki za bei ya gari husimama kuniangalia mimi. Sijisifu, naeleza hali ilivyo.

Ila kabla sijakufundisha kulenga, kaa kwanza nikusimulie.

Mchezo huu niliujua kwa udadisi tu. Nilipeleka mzigo wa maboksi mazito kwenye uwanja mmoja nje ya Cedar Hill, boksi moja likapasuka, nikaona ndani visahani vya rangi ya chungwa, vimepangwa vizuri, vinafanana na visosi. Nikamuuliza aliyepokea, hivi ni vya chakula gani? Akacheka, akaniambia vinarushwa hewani na mashine, watu wanavipiga risasi. Nikauliza, kwa hiyo vinanunuliwa ili vivunjwe? Akasema ndiyo. Mwanangu, mimi nimechapwa na mama yangu kwa kuvunja kisosi kimoja! Nikaegesha lori, nikakaa kwenye benchi mpaka jioni nikiangalia. Mbona anaita ndipo kinaruka? Mbona wote wanatembea na bunduki imekunjwa katikati kama mtu anayetafuta sarafu chini? Mbona hakuna anayegeuka nyuma? Niliuliza kila aliyepita. Mwezi huohuo nikanunua yangu, ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini mwanaume anayeposa ni kijana, hata awe na mvi. Nami nilikuwa naposa. Rehema ni muuguzi, akikaa Sugar Land, jirani na Houston, ana shahada, ana akili, ana kicheko cha kumfanya mtu aendeshe gari kwa saa nne kutoka Dallas mpaka Houston kila akipata nafasi. Baba yake, Mzee Mhina, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Tanga, amestaafu. Aliposikia binti yake anataka kuolewa na dereva wa darasa la saba, hakugomba wala hakukataa. Alisema, "Nitakuja kumwona." Akapanda ndege akaja.

Rehema aliniambia wazi: "Athumani, baba akisema hapana, mimi siwezi kwenda kinyume chake. Ukimpendeza tumeshinda. Usipompendeza, basi."

Sasa nikajiuliza, mwalimu wa hesabu nitampendeza kwa lipi? Kwa mazungumzo ya vitabu sitamweza. Malori atayaona kama malori. Nikasema, nitampeleka mahali ninapong'ara. Atanikuta nimesimama kwenye mstari, atavishuhudia visahani vikigeuka vumbi, kisha nitampa bunduki na yeye apige kimoja. Mzee wa Tanga avunje kisahani Texas! Akirudi nyumbani atasimulia mwaka mzima. Ndivyo nilivyopanga.

Jumamosi ile, mwaka mmoja kabla ya korona, niliwatangulia uwanjani. Nilikuwa na rafiki yangu Bahati, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ghalani, mtu wa maneno mengi ila akishika bunduki anakuwa kama yuko msibani. Tuko watano kwenye mstari, mimi wa mwisho upande wa kulia. Zamu inakwenda mtu mmoja mmoja: unatia risasi moja, unafunga bunduki, unaita, kisahani kinaruka, unapiga, unafungua. Basi kilibaki kisahani kimoja tu, cha kwangu, cha kumalizia raundi. Nimeshatia risasi. Nimeshafunga. Nikasikia nyuma yangu:

"Bwana Athumani! Hodi huko!"

Sauti ya Kitanga, imenyooka, sauti ya mtu aliyezoea darasa zima kunyamaza akiingia. Niliijua kabla ya kuambiwa. Wamewahi kufika.

Sasa wewe umelelewa kwetu, unajua. Mkwe akikuita humjibu ukiwa umempa mgongo. Unaacha ulichoshika, unageuka mwili mzima, unamwendea, unainama kidogo, "Shikamoo baba." Hilo halifundishwi, liko mwilini kama kupepesa jicho. Na nilihisi mabega yangu yanaanza kugeuka yenyewe. Mabega yakigeuka bunduki nayo inageuka, maana iko mikononi. Na pale nyuma alikuwa amesimama yeye, na Rehema ubavuni mwake.

Nikayakaza mabega. Sikugeuka.

"Athumani!" Huyo ni Rehema. "Baba huyu hapa!"

Wenzangu wanne wananingoja. Nikaita. Kisahani kikaruka kushoto, nikapiga, na kikaenda zake kizima mpaka kwenye majani. Nimekosa! Mbele ya mkwe! Nikafungua bunduki, nikatoa ganda, nikatembea nayo ikiwa wazi mpaka kwenye kishikio cha kuegeshea, nikaiweka, ndipo nikageuka na tabasamu langu lote.

Mzee alikuwa anarudi kwenye gari. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama rula.

Rehema akanijia mbio, macho yamejaa. "Umemu-ignore baba yangu? Seriously, Athumani? Ametoka Tanga!"

"Nilikuwa nimefunga bunduki."

"Ungemwitikia basi hata kwa mdomo! Hata neno moja!"

Na ni kweli, mdomo hauna risasi.

Bahati ndiye aliyeniokoa. Alikwenda mpaka kwenye gari, akainama dirishani, nami nyuma yake kama mtoto aliyeletwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Papa, jambo. Miye Bahati. Usikasirike, Papa. Hapa mutu hageukake na bunduki. Hata prezida akuite, hata mama yako afufuke akuite, hageukake."

"Sikumwita atoe bunduki," mzee alisema, akiangalia mbele. "Nilimwita anisalimie."

"Ndiyo, Papa. Lakini iko mikononi. Akigeuka yeye, nayo inageuka. Inakusalimia ya kwanza."

Mzee akageuza kichwa, akaniangalia mimi kwa mara ya kwanza. Nikaona kitu ambacho sikukitegemea: hasira ilikuwa bado ipo, lakini katikati yake kulikuwa na swali. Walimu wako hivyo. Swali likiingia, hasira inakaa pembeni kulingoja.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Hiyo bunduki ilikuwa imefungwa?"

"Imefungwa baba, na risasi ndani."

"Inaweza kufunguliwa kabla ya kupigwa?"

"Inaweza. Unabonyeza hapa juu, inakunjika, unaitoa risasi kwa vidole."

"Inachukua muda gani?"

"Kidogo tu, baba. Kupumua mara moja."

"Kwa hiyo ungeweza kuifungua, ukaiweka, ukaja kunisalimia, ukarudi."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukufanya hivyo?"

Mwanangu, nimewahi kusimamishwa na polisi wa barabarani majimbo tisa, sijawahi kuulizwa swali kama lile. Rehema amesimama pale, Bahati amesimama pale.

"Nilitaka unione ninavyovunja."

"Na ulivunja?"

"Hapana, baba."

Bahati akageukia upande wa pili, mabega yanamtikisika. Mzee hakucheka, ila alifungua mlango, akateremka. "Nionyeshe hicho kitu," alisema. "Tangu mwanzo."

Tukampa vizibo vya masikio na miwani, maana pale hata mtazamaji havui. Na mzee akaanza. Mwanangu, nilidhani mimi ndiye mdadisi! Aliuliza mitutu miwili ya nini ikiwa unapiga risasi moja. Nikamwambia katika mchezo huu tunatumia wa chini, wa juu unapumzika. Aliuliza kwa nini ile risasi ina marisau mengi madogo badala ya kipande kimoja, nikamwambia marisau yanatawanyika hewani kama mbegu ukizitupa shambani. Aliuliza yanatawanyika upana gani yakifika kwenye kisahani, na nikimjibu anahesabu kwa vidole, anatikisa kichwa. Aliuliza mbona kila mtu anashika kwa kidole kilichonyooka, nikamwambia kidole kinalala pembeni mpaka umeshaita, hakigusi triga kwa mazoea. Aliuliza kitako kinakaa wapi begani, na kisipokaa vizuri kinafanya nini, nikamfunulia shati nikamwonyesha alama ya wiki zangu za mwanzo. Hapo ndipo alipotabasamu kidogo.

Nami kichwa kikavimba! Si unajua mtu akisikilizwa. Nikamweleza ninavyoitunza: nikirudi nyumbani napitisha kitambaa na dawa ndani ya mitutu, naweka grisi pale kwenye bawaba, nafuta chuma chote kwa mafuta kidogo kwa sababu jasho la vidole pekee linatosha kuleta kutu. Nikamweleza kwamba hata risasi sinunui za dukani, najaza mwenyewe mezani kwangu: fataki ya kuwashia, baruti, kikombe cha plastiki cha kubeba marisau, marisau yenyewe, nafunga. "Mimi, baba, bunduki yangu ni safi kuliko sahani za hoteli," nikamwambia. Nikatoa risasi mfukoni. "Njoo usimame hapa. Kisahani cha kwanza ni chako."

Uwanja wetu ulikuwa umebaki wazi, waliomaliza walikuwa wanakunywa soda. Mzee akasimama mahali nilipomwonyesha, bunduki ikiwa wazi mikononi mwake. Nikanyoosha mkono kutia risasi.

"Subiri," alisema. "Nichungulie kwanza."

"Unachungulia nini, baba?"

"Umesema mitutu miwili. Nataka kuona mpaka mwisho."

Akainua bunduki iliyokunjwa, mdomo ukielekea mbele, akachungulia kwa nyuma kama anavyochungulia mtu tundu la ufunguo. Akakaa hivyo. Akasogeza jicho. Akarudisha.

"Wa juu una mwanga," alisema. "Wa chini hauna. Ndivyo ulivyotengenezwa?"

Mwanangu, nilihisi baridi kuanzia kisogoni mpaka kwenye nyayo, na hiyo ni Texas, mwezi wa sita.

Nikachungulia na mimi. Giza. Ndipo ikanirudia ile sauti ya risasi yangu ya mwisho. Haikulia paa! Ililia puu, kama mtu aliyepiga mto wa kulalia. Kila mtu wa mchezo huu anajua sauti ile. Ukiisikia unasimama hapo hapo, unafungua, unachungulia, kwa sababu risasi iliyokosa baruti husukumwa na fataki peke yake, na kile kikombe cha plastiki kinakwama katikati ya mtutu. Ukitia nyingine juu yake ukapiga, moshi hauna pa kutokea. Mtutu unapasuka, na mkono wako wa kushoto uko hapo hapo chini yake, na uso wako uko juu.

Mimi niliisikia sauti ile. Masikio yaliisikia. Lakini nilikuwa nawaza mgongo wangu, nawaza mkwe, nawaza nimekosa kisahani. Mwili wangu haukugeuka, sawa. Akili ilikuwa imeshageuka zamani, imesimama na wale walioko nyuma.

Na nilikuwa nimeshika risasi nyingine, ya kumtilia baba yake Rehema.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Mzee alikuwa ananiangalia akingoja jibu. Hakujua kitu. Rehema hakujua kitu. Ningemwambia, "Ni masizi tu baba, huwa inakuwa hivyo, ngoja niipanguse," angeamini. Ningeichukua, ningekwenda nayo kwenye gari, ningesukuma kile kikombe kwa ufito, ningerudi na hadithi zangu, na heshima yangu ingebaki nzima. Na Bahati asingenisemea. Wazo lile lilipita, sikufichi. Lilipita likiwa limevaa vizuri.

"Baba," nikasema, "leo hupigi."

"Kwa nini?"

"Risasi yangu ya mwisho haikuwa na baruti. Niliijaza mwenyewe. Kuna kitu kimekwama humo. Ningekutilia hii nyingine, ingepasuka mikononi mwako."

Rehema akaweka mkono mdomoni. Bahati akasema kwa sauti ya chini, "Ee Mungu wangu," akaichukua ile risasi kwenye vidole vyangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Mzee Mhina hakusogea. Alinipa bunduki, kwa mikono miwili, ikiwa wazi. "Kitoe," alisema. "Nione."

Nikaleta ufito kutoka kwenye gari, nikausukuma taratibu mtutuni, kikombe cha plastiki kikadondoka kwenye zege, na punje chache za marisau zikabingirika. Akainama, akakiokota, akakigeuza kwenye mwanga. Kitu chepesi, hata kuku hawezi kukidonoa akashiba. Akaniuliza, "Mimi nisingejua. Ungeweza kuniambia uongo?"

"Ningeweza."

"Wazo lilikujia?"

"Lilikuja, baba."

"Kwa nini hukuniambia uongo?"

"Ningekuambia uongo wa kwanza leo, baba, kesho ningehitaji wa pili, na bunduki haisikilizi uongo."

Mzee akamwangalia binti yake. "Nina wanafunzi waliofika chuo kikuu," alisema, "ukiwaonyesha kosa lao wanakuonyesha la jirani." Halafu akatazama saa yake kama mtu aliyekumbuka swala. "Tuma wazee wako waje Tanga. Mimi nitarudi mwezi ujao, watanikuta. Na siku nyingine, kijana, nikikuita, nijibu. Mdomo wako hauna triga."

Rehema akalia pale pale. Mimi? Mimi nilikuwa na vumbi jichoni.

Basi mwanangu, hayo ndiyo ninayokuambia ukinipigia simu. Bunduki yako itembee imekunjwa, kila mtu aione iko tupu, na mdomo wake uelekee kule kusikokuwa na mtu, hata kama una uhakika haina kitu. Hasa kama una uhakika. Risasi usiitie mpaka umesimama mahali pako na zamu ni yako. Ukiitwa nyuma, na aliyekuita ni mtu wa kuheshimiwa, mwitikie kwa mdomo: "Nakuja baba." Kisha fungua, toa risasi, weka bunduki chini, ndipo ukaamkie kwa mikono mitupu. Aliyekulea atakuelewa ukimweleza, na asipoelewa, mweleze tena. Usikubali akili yako iondoke kwenye mstari ikakuacha wewe umesimama. Ikishaondoka, wewe nawe acha, siku haijaharibika kwa kisahani kimoja.

Ukijaza risasi mwenyewe, zima simu. Mimi usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa naongea na Rehema nikijaza, tunapanga mzee apikiwe nini. Kila risasi nne tano, simama, angalia ulichofanya. Sauti ikiwa ya ajabu, simamisha kila kitu na uchungulie, hata kama watu hamsini wanakungoja. Na kabla hujampa mtu bunduki yako, ichungulie wewe kwanza, kisha mwache naye achungulie. Akikuuliza swali la kijinga mshukuru. Nyumbani isafishe siku hiyohiyo, maana huku Houston unyevu unakula chuma kama mchwa, niulize mimi niliyehamia Sugar Land kwa ajili ya mke. Kisha ifungie kwenye kabati la chuma, risasi zikae kwingine, na funguo wasizijue watoto hata wakiwa watoto wazuri. Watoto wazuri ndio wadadisi kupita wote, na udadisi wao unastahili kufunguliwa mchana, mbele yako, wewe ukiwa umeshika.

Na usione aibu kusema sijui, au nimekosea, hata mbele ya mtu unayemtaka akukubali. Mimi nina malori, nina vikombe vya ushindi kabatini, nina mengi ya kukuonyesha ukinitembelea. Lakini mke nilimpata siku niliyokosa.

Mungu akupe jicho lisilochoka kuchungulia na ulimi usioogopa kusema ulichokiona. Mikono yako irudi nyumbani mizima kila jioni, ishike watoto wako, nao wakue wakikuuliza maswali mpaka uchoke kujibu.